Pimeni Kabla ya Kufuta: Zana za Uhunzi na Mwanachama Anayeanza Kujifunza Nyumbani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nilipopata barua ya kunialika kuzungumza nanyi, bila shaka wengi wenu mlitazamia kwamba nitasema juu ya stakabadhi, salio la benki na mahesabu ya mwisho wa mwaka, maana hiyo ndiyo kazi inayonifikisha katika vyama vyenu. Leo naomba radhi, nitasema juu ya moto na nyundo. Lakini mkinivumilia hadi mwisho mtaona kwamba sikutoka nje ya kazi yangu hata kidogo.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja jina. Zamani chama hicho kilikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza mashine za kumenyea kahawa. Karakana ilikufa, na vifaa vyake vikarundikwa katika pembe ya ghala nyuma ya magunia. Halmashauri iliniletea orodha ya mali isiyofaa: fuawe moja lenye kutu, jiliwa moja lisilofunguka, nyundo nne zisizo na mipini, makoleo matano, na tupa zilizokufa. Chini ya orodha waliandika: "Chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo." Niliitazama orodha, nikatazama rundo kwa mbali, nikatia sahihi kwamba sina pingamizi. Vitu vyote vilipimwa kwa mizani na kuuzwa kwa bei ya mabati mabovu.

Baada ya mwaka mmoja hivi nilipita njia ileile. Nikasikia mlio wa chuma kama kengele. Nikasogea, nikaliona fuawe lile chini ya mwembe, limesimamishwa juu ya gogo, uso wake unang'aa, na fundi mmoja kijana analifulia majembe. Waliopanga foleni kumngojea walikuwa wanachama wa chama kilekile. Walikuwa wakilipa fedha ili majembe yao yafuliwe juu ya fuawe ambalo jana lilikuwa mali yao. Fundi yule sina neno naye, kwani alinunua kwa haki na anafanya kazi ya halali. Lawama ilikuwa juu yangu na juu ya halmashauri, maana tulifuta mali ambayo hatukuipima.

Jambo hilo lilinichoma. Nikaona kwamba mtu hawezi kukagua kitu asichokijua. Basi nikaanza kujifunza uhunzi nyumbani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, kwa kukaa miguuni pa wazee wanaoujua na kwa kuharibu vipande vingi vya chuma. Mimi si fundi, na sitakuwa. Lakini nimejifunza kutofautisha zana iliyokufa na zana iliyolala. Hayo ndiyo ninayotaka kuwapa leo, kwa ajili ya katibu anayeandika orodha ya mali, na kwa ajili ya mwanachama anayetaka kuanza kazi hii kidogo kidogo uani kwake.

UHUNZI SI JAMBO GENI KWETU

Wako watu wanaodhani kwamba uhunzi uliletwa na meli. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba katika nchi ya Wahaya, Mkoa wa Kagera, wamethibitisha kwamba chuma kiliyeyushwa huko karne nyingi sana zilizopita. Ufipa kulikuwa na matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mtu wa kuvukuta. Upareni ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na mapokeo ya Ugweno yanasimulia kwamba wahunzi hao walishika hata utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Wachaga nao walikuwa na wahunzi wao, na wale wa Mamba, upande wa Marangu, wamejulikana kwa mikuki na majembe tangu zamani.

Kwa hiyo mwanachama anayewasha moto uani kwake hafanyi mchezo wa kigeni. Anaokota kitu ambacho babu zake walikiangusha wakati majembe ya dukani yalipokuwa rahisi.

FUAWE

Zana ya kwanza ni fuawe, na ndiyo inayouzwa ovyo kuliko zote, kwa sababu ni nzito, na mtu asiyejua huona uzito tu. Thamani ya fuawe haiko katika uzito peke yake, iko katika uso wake. Mafuawe mengi ya zamani yalijengwa kwa mwili wa chuma laini, juu yake likabandikwa bamba la feleji, yaani chuma kigumu, ambalo unene wake hauzidi sana nusu inchi. Bamba hilo ndilo linalorudisha nguvu ya nyundo. Likiwa zima, fuawe li hai hata kama lina kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Kulipima hakuhitaji mtaalamu. Tafuteni gololi ya chuma iliyotoka katika beringi ya gari, na rula ya shule. Simamisheni rula juu ya uso wa fuawe, kisha mwachie gololi ianguke kutoka inchi 10. Ikiruka na kurudi hadi inchi 7 au zaidi, mna mali njema mkononi. Ikirudi inchi 3 au chini ya hapo, uso ni laini, au fuawe lenyewe ni la chuma cha kumimina, nalo halifai sana. Rudieni mahali pengi, katikati na kandoni, maana uso huweza kuwa mzima upande mmoja na mfu upande mwingine. Mtu akiwaambia asikilize mlio tu, msimkatalie, lakini msimwamini peke yake. Yako mafuawe mazuri yasiyolia, na lililo zima likiwa na ufa hutoa sauti kama chungu kilichopasuka.

Kulifufua ni kazi ya jioni moja. Sugueni kutu kwa brashi ya waya, futeni kwa mafuta ya taa, kisha pakeni mafuta mepesi. Kingo zilizomeguka zilainishwe kwa tupa ziwe mviringo kidogo, maana ukingo mkali huacha ufa katika chuma kinachofuliwa. Hapo basi, acheni. Msilipeleke fuawe kwa fundi wa mashine alikwangue uso mpaka uwe sawa kama kioo, kwa kuwa atamaliza bamba la feleji na kuwarudishia gogo la chuma laini. Wala msilitie motoni ili kuondoa kutu, maana moto huua ugumu wake. Mabonde madogo ya uso hayamzuii mhunzi kufanya kazi.

Asiyekuwa na fuawe asikate tamaa. Kipande cha reli chenye urefu wa futi moja na nusu kinamtosha anayeanza. Wengi hukilaza kama kilivyolala njiani, nacho hurukaruka na kuchosha mkono. Kikisimamishwa wima na kufukiwa nusu katika gogo, uzito wote wa chuma hukaa chini ya nyundo, nacho huwa imara zaidi ingawa uso wake ni mdogo.

Lakini hapa mkaguzi anarudi katika kazi yake. Reli ni mali ya umma, na wako waliofungwa kwa kung'oa njia ya treni. Msipokee kipande cha reli, wala cha daraja, wala cha nguzo ya umeme, kwa mtu asiyeweza kuonyesha alikipata wapi. Nunueni kwa muuzaji wa halali, na stakabadhi ikae katika jalada. Fuawe la wizi litawafulia aibu.

Urefu wa gogo nao una kipimo chake. Mwanachama asimame wima kando ya fuawe, akunje ngumi, mkono ukining'inia. Uso wa fuawe uguse vifundo vya ngumi yake. Likiwa chini zaidi, mgongo utamuuma kabla ya jua kuzama, na likiwa juu zaidi, bega litamlalamikia.

NYUNDO NA MPINI WAKE

Nyundo nne zile tulizoziuza zilikuwa hazina kasoro yoyote ila mipini. Kichwa cha nyundo hudumu kuliko mtu mwenyewe, lakini mpini ni mti, nao huliwa na mchwa. Tulihesabu nyundo kuwa zimekufa kwa sababu ya mpini, kama mtu anayemzika mzee kwa sababu fimbo yake imevunjika.

Anayeanza asichukue nyundo kubwa ili kuonyesha ushujaa. Ya kilo moja, au pungufu kidogo, inatosha kabisa. Nyundo nzito katika mkono usiozoea hupiga pembeni, na pigo la pembeni huharibu kazi na fuawe pia.

Mpini uliovunjika ndani ya kichwa utolewe kwa kuukata, kuutoboa kwa keekee na kuusukuma nje. Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya vinginevyo. Nyundo yangu ya kwanza niliitupa motoni ili mpini uteketee upesi. Uliteketea kweli, lakini na ugumu wa nyundo ukateketea pamoja nao. Baada ya wiki mbili uso wake ulikuwa umebonyea kama sufuria ya mitaani. Nilipata somo, na bei yake ilikuwa nyundo.

Mpini mpya uchongwe katika mti mkavu, mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Mkole unasifika kwa kazi hii. Nyuzi zikikatiza mpini kwa upande, utavunjika siku moja na kichwa kitaruka. Ufanywe mwembamba kidogo katikati ili upokee mtikisiko, ukazwe kwa kabari, kisha upakwe mafuta, si rangi. Rangi huteleza, nayo huficha nyufa.

Uso wa nyundo usiwe bapa kabisa kama meza. Upinde kidogo sana, kama mgongo wa kijiko kilicholala, na kingo zake zilainishwe kwa tupa na msasa. Nyundo yenye kingo kali huandika alama za kucha katika kila chuma inachokigusa. Na ole wake anayegonganisha nyundo na nyundo, au anayepiga fuawe tupu kwa nguvu: chuma kigumu kikigonga chuma kigumu, kipande humeguka na kuruka kama risasi, na jicho halioti tena.

Kadhalika tazameni vichwa vya tindo na patasi za chuma. Kichwa kinachopigwa sana huchanua kama uyoga. Msiendelee kukitumia hivyo. Kikateni kwa tupa mpaka kiwe safi, kwa sababu vipande vya uyoga huo ndivyo vinavyochoma mikono na nyuso za watu karakanani.

KOLEO NA JILIWA

Koleo ni mkono wa pili wa mhunzi. Koleo lisiloshika vema ni adui, kwa kuwa chuma chekundu kikichomoka hakichagui pa kuangukia. Koleo la zamani huwa na magonjwa mawili: ribiti iliyolegea na taya zisizolingana na kazi. Ribiti hukazwa kwa kuipiga juu ya fuawe, kisha koleo hupashwa moto pale kwenye ribiti na kufunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi lipoe, ili lisikazane. Taya nazo hupashwa moto mpaka ziwe nyekundu, zikafungwa juu ya kipande chenye unene unaotakiwa, na kupigwa hadi zikikumbatie. Kwa njia hiyo koleo moja lililotupwa huwa jipya kwa gharama ya makaa ya nusu saa. Asiye na koleo aanze na nondo ndefu ya kutosha kushikwa kwa mkono upande wa pili, na kazi yake ya kwanza kubwa iwe kujitengenezea koleo lake mwenyewe.

Jiliwa lile lisilofunguka, ndugu zangu, halikuwa limevunjika. Lilikuwa limekaukiwa grisi. Jiliwa la mhunzi huwa na mguu mrefu unaofika ardhini, ili pigo la nyundo lishukie chini badala ya kuvunja meza. Likigandama, mwagieni mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini kidogo, mkiacha siku mbili tatu, mkiligongagonga polepole kwa nyundo ya mti. Msiongeze bomba katika mkono wake ili kulilazimisha, kwa sababu parafujo itakatika, na parafujo ndiyo roho ya jiliwa. Likifunguka, toeni parafujo nje, safisheni meno yake kwa brashi, pakeni grisi, rudisheni. Tazameni pia springi inayosukuma taya: ikiwa imevunjika, kipande cha springi ya gari kitafanya kazi yake.

Kwa kutu ngumu ya vifaa vidogo, siki hufanya kazi vema. Kitumbukizeni kifaa katika siki usiku mmoja, asubuhi kisugueni, kisha kioshwe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kikaushwe mara moja na kupakwa mafuta. Kikiachwa kimelowa, kutu hurudi kabla ya chakula cha mchana.

MOTO NA UPEPO

Tanuri la anayeanza halihitaji fedha nyingi. Rimu ya gari iliyotupwa, ikikandikwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu, hutosha. Hata shimo ardhini linatosha, ndivyo wazee walivyofanya. Bomba la hewa liingie kutoka chini au ubavuni. Udongo uachwe ukauke kabisa siku kadhaa, kisha uwashwe moto mdogo kwanza. Udongo mbichi ukipigwa na moto mkali hupasuka.

Upepo wa jadi ni viriba: mifuko ya ngozi ya mbuzi inayovukutwa kwa mikono miwili kwa zamu, ikipeleka hewa katika bomba la udongo. Viriba vya zamani vilivyokauka visitupwe. Ngozi ilainishwe kwa mafuta ya mnyama, siyo mafuta ya gari, nyufa zishonewe kiraka cha ngozi, na mishono ipakwe mafuta. Karakana nyingi za siku hizi hutumia gurudumu la baiskeli linalozungushwa kwa mkono, likivuta mkanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa tairi, na mkanda ukizungusha feni ndani ya kopo. Ni kazi nzuri ya mikono, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuielewa.

Makaa ya miti migumu ndiyo bora kwa kuanzia. Chuma kisilazwe chini kabisa mbele ya mdomo wa bomba, kwa sababu hewa mpya hukila na kukijaza magamba. Kikae katikati ya moto, chini yake kuwe na makaa ya kutosha kula hewa hiyo, na juu yake kifunikwe.

Mahali pa kazi pawe na kivuli, kwa maana mhunzi husoma joto kwa rangi, na jua kali huficha rangi. Lakini kivuli hicho kisiwe cha makuti wala nyasi, na pasiwe ndani ya nyumba iliyofungwa; hewa ya makaa haina harufu, nayo huua mtu akisinzia.

Rangi zenyewe ni hizi. Wekundu wa damu uliofifia ni onyo: usipige kwa nguvu, chuma kitapasuka. Rangi ya chungwa hadi manjano ndiyo wakati wa kupiga. Chuma kikianza kutoa cheche nyeupe kama fataki, kinaungua, na sehemu hiyo hairudi tena. Anayeanza hukosea kwa kupiga chuma kilichopoa kwa kuogopa kupoteza muda. Arudishe motoni. Udongo uwahi ungali maji, na chuma kiwahi kingali chekundu.

CHUMA CHA KUANZIA NA KUTIA MATIKO

Chuma si kimoja. Nondo ya ujenzi ni laini, hufaa ndoano, misumari, kichokoleo cha moto na bawaba. Haishiki makali. Springi ya gari ni feleji, nayo hufaa tindo, kisu, sururu na jembe la palizi. Mkiwa na shaka, gusisheni kipande kwenye jiwe la kunolea la umeme: chuma laini hutoa cheche ndefu zenye vichanua vichache, na feleji hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kama maua ya mchicha.

Kutia matiko, yaani kukipa chuma ugumu, ni kazi mbili, wala si moja. Kwanza, feleji hupashwa moto mpaka sumaku isikishike. Hali hiyo hutokea karibu na nyuzi 770 za Selisiasi. Hapo huongezewa joto kidogo tu na kuzamishwa. Springi ya gari izamishwe katika mafuta ya kupikia yenye vuguvugu, kwa kuwa maji huweza kuipasua. Msitumie mafuta machafu ya injini. Moshi wake ni sumu. Baada ya hapo chuma ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo kazi ya pili ni kukisugua king'ae na kukipasha polepole mpaka rangi zianze kutembea juu yake: manjano ya majani makavu kwa kisu, zambarau kwa tindo, buluu kwa kitu kinachopaswa kupinda bila kuvunjika. Wengi huishia kazi ya kwanza, kisha husema chuma kilikuwa kibaya.

Majembe yaliyolika nayo yasitupwe. Jembe lililokwisha nusu hupashwa moto, ukingo ukafuliwa kuwa mwembamba, likarudi shambani kama jembe dogo la palizi. Mchagua jembe si mkulima, wazee walisema, lakini anayelifufua ni mkulima mara mbili.

TAHADHARI

Sitarefusha, ila haya msiyapuuze. Miwani ya kukinga macho ivaliwe toka mwanzo hadi mwisho. Nguo ziwe za pamba, kwa maana nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zikae karibu. Moto wa mafuta huzimwa kwa mchanga au kifuniko, kamwe si kwa maji. Msitie motoni mabati wala bomba lenye rangi ya fedha, kwa sababu zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kuumiza kifua. Na kila chuma kilicholala karakanani kihesabiwe kuwa cha moto mpaka kithibitike, kwa maana chuma kilichoacha kuwa chekundu bado huunguza.

DAFTARI NA NYUNDO

Sasa, Ndugu Makatibu, narudi kwenu. Katika maghala yenu mengi nimeona pembe ile ile: rundo lenye kutu, na juu yake gunia. Nawaomba mambo manne.

Kwanza, msiandike "chuma chakavu" kwa mkupuo. Andikeni kila kifaa kwa jina lake, uzito wake na hali yake. Fuawe ni fuawe hata likiwa na kutu.

Pili, pimeni kabla ya kufuta. Gololi, rula, brashi ya waya na chupa ya mafuta ya taa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na fuawe jipya. Mwiteni mhunzi wa kijijini aseme neno lake, na neno lake liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Tatu, ikithibitika kwamba kifaa kimekufa kweli, kiuzwe kwa kufuata masharti ya chama chenu, wanachama wakijua, bei ikijulikana, na stakabadhi ikikatwa. Mali ya chama haina mwenyewe mmoja anayeweza kuitoa kwa mdomo, wala mkaguzi hana mamlaka ya kuigawa kwa kalamu.

Nne, kama kifaa ki hai na chama hakina kazi nacho, fikirini kumwazima mwanachama anayetaka kujifunza, kwa mkataba mfupi na sahihi katika daftari: amekichukua lini, katika hali gani, atakirudisha lini. Atakisafisha, atakitia mpini, atakitumia, na akirudisha kitakuwa kizuri kuliko kilivyotoka. Ghala hulinda kifaa kisiibiwe, lakini haliwezi kukilinda kisife.

Na kwa mwanachama anayeanza nasema hivi: usiwe na haraka ya kufua panga. Anza kwa kufufua. Safisha nyundo moja, itie mpini. Kaza koleo moja. Fungua jiliwa lililogandama. Ukimaliza hayo utakuwa umekwisha kujua nusu ya kazi, kwa sababu mikono yako itakuwa imejua zana inavyofikiri. Baadaye fua ndoano moja ya kutundikia taa, kisha ya pili ifanane na ya kwanza. Siku zitakapofanana, u tayari kwa tindo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tumeacha mbachao nyingi katika maghala yetu, na mimi ni mmoja wa walioziacha. Fuawe lile bado liko chini ya mwembe. Nipitapo husimama kumsalimu fundi, naye ananifahamu sasa, hunipa nyundo nijaribu mkono. Mara ya kwanza nilimweleza kwamba ni mimi niliyetia sahihi. Alicheka, akasema, "Mzee, usihuzunike, halikupotea, linafanya kazi." Ni kweli, halikupotea. Lakini kila nikiona mwanachama anatoa fedha mfukoni kulipia kazi ya fuawe lake mwenyewe, naikumbuka kalamu yangu.

Ndugu zangu, mkirudi nyumbani ondoeni lile gunia, mtazame kilicho chini yake. Nitakapokuja kukagua nitauliza juu ya fedha kama kawaida, kisha nitawaomba mnionyeshe gololi na rula.